Fungu la Maumivu

Barabara ya kumi na nne, Ngamiani, ilikuwa na mengi ya kugombaniwa, lakini hakuna aliyethubutu kumgombania Mashavu mabokoboko yake. Ngano na nyama alivisonga mpaka vikawa kitu kimoja, samli ikaelea juu, na foleni ya baiskeli ikaanzia barazani kwake mpaka kwa fundi viatu. Nyumba ile haikupata kukaa tupu hata siku ya mvua. Ndiyo maana usingedhani mwanamke mwenye nyumba iliyojaa namna ile angemwonea mtu wivu, tena mtu mwenyewe Tunu, mjane wa ng'ambo ya barabara, asiye na kitu ila kigoda na mdomo.

Lakini mdomo wenyewe sasa!

Kila siku saa tatu asubuhi Tunu alivuka barabara, kigoda kwapani. "Umeamkaje, shoga?" alimwambia Mashavu, akampita na sufuria lake, akaingia chumba cha uani kwa Bi Msimu, mama yake Mashavu. Haikupita dakika, kicheko. Bi Msimu alikuwa na miaka themanini na tisa na goti lililomkataa. Kwa bintiye hakucheka tangu mfungo sita. Kwa Tunu alicheka mpaka anakohoa.

Siku hiyo Mashavu akauacha mwiko, akasogea mlangoni kusikiliza. Kusikiliza mlangoni si tabia njema, lakini mlango ni wake.

"Limeamkaje hilo goti, Bi Msimu?"

"Limeamka na kisirani."

"Linawanga au linapwita?"

"Linapwita."

"Kwa kishindo, kama ngoma ya jirani? Au polepole, kama koo la chura?"

"Koo la chura! Yarabi, Tunu, hilo hasa! Tena chura mwenyewe kashiba."

"Basi limejaa maji hilo. Mfupa haupwiti hivyo, mfupa hukeketa, kama panya kwenye gunia. Tutakwenda zahanati, nitawaambia vilevile."

Mashavu akaingia, kaparamia maneno yao kama mtu anayeingia katikati ya sala. "Mama, goti linauma? Linauma sana au kidogo?"

Bi Msimu akamtazama binti yake muda mrefu. "Linauma, mwanangu," akasema. "Linauma tu." Akageukia ukuta.

Mashavu akakigusa kifungo nyuma ya sikio, kama kila mtu afanyavyo neno linapomkimbia. Kifungo kikamletea alichokuwa nacho: inauma sana, inauma kidogo, haiumi. Ndiyo yaliyobaki. Miaka ishirini na moja nyuma, kampuni ya Lisani ilipoanza kuvigawa, yeye alikuwa wa kwanza barabara nzima kuvaa, akapiga na picha. Kifungo kilisoma unachotaka kusema, kikakifikisha kwa mwenzako hujapanua mdomo. Uliagiza nyama kwa mchinjaji kwa kukunja uso tu. Waliambiwa pia, kwa maandishi madogo, kwamba njia za kichwani zisizopitwa mara kwa mara zitapogolewa ili kifungo kiende kasi. Nani anasoma maandishi madogo? Yakapogolewa maneno kama matawi ya mkorosho, leo moja, kesho moja, na hakuna aliyeona kivuli kinapungua.

Tunu peke yake ngozi ilikikataa. Malengelenge shingo nzima. Mtaa ukamcheka, na Mashavu akacheka kuliko mtaa.

Sasa nani anacheka? Zahanati ya mtaa ilikuwa na chombo langoni, watu wakikiita Sikio. Kilipima mapigo na damu kwa kupumuliwa tu, lakini maumivu hayapimiki mpaka yasemwe, na aliyesema "inauma" alitoka na vidonge viwili na "rudi kesho." Aliyekwenda na Tunu aliingia kwa daktari. Basi mtaa mzima ukawa wa Tunu: Tunu twende, Tunu nisemee, Tunu mtoto analia hatujui kwa nini. Waliokula mabokoboko kwa Mashavu waliifuta midomo na kuvuka barabara.

Tunu alipotoka uani, Mashavu akamsindikiza hadi barazani, tabasamu limepakwa sukari.

"Shoga, laiti ningekuwa na mdomo wako."

Tunu akacheka, akampiga kikofi begani. "Chukua, mwenzangu! Nimekupa wote. Mimi nibakie meno."

Ndivyo watu wa Tanga wanavyojibu. Ukisifu kanga ya mtu, atakwambia chukua. Ukisifu mtoto wake, atakwambia mbebe uende naye. Nawe unasema asante, umeshanipa, na kanga inabaki begani kwa mwenyewe na mtoto anabaki kwao. Adabu hiyo, hata kuku wa mjini wanaijua.

Kifungo nyuma ya sikio la Mashavu kikalia kidogo, kama ulimi unaobofya. *Ridhaa ya mtoaji imerekodiwa. Huduma ya uhamisho inapatikana.*

*

Fundi wa Lisani aliitwa Mhina, mtu wa Muheza, shati jeupe, sauti ya chinichini. Akamsikilizisha Mashavu maneno ya Tunu mara mbili. *Chukua, mwenzangu. Nimekupa wote.*

"Kwa mashine, imetimia," alisema. "Unaelewa kazi yenyewe, mama? Neno halinakiliwi. Lina njia yake kichwani kwa mwenyewe. Akilitamka karibu nawe, njia ile inawaka, kifungo chako kinaikunja na kuiweka kwako. Njia moja haikai vichwa viwili."

"Na yeye?"

"Akilisikia atalielewa, kama mtu anayeijua sura akasahau jina. Kulitoa mwenyewe mdomoni, ndiyo basi."

"Linaweza kurudi?"

"Kama naye angekuwa na kifungo, labda. Yeye hana." Mhina akakuna kidevu. "Maneno yake yana mafungu saba. La kwanza ni maumivu, halafu mapenzi, ugomvi, chakula... Mama, mimi ni mtu wa hapa hapa. Mashine haijui adabu, mimi najua. Ndiyo maana nakuuliza kwa mdomo wangu: huyu mwanamke amekupa, au amekujibu?"

Swali likasimama katikati ya chumba. Mashavu aliliona. Angeweza kulizunguka, angeweza hata kurudi nyumbani. Akamkumbuka mama yake anavyogeukia ukuta.

"Umesikia mwenyewe," akasema. "Kasema chukua."

*

Kesho yake saa tatu, Mashavu aliacha sufuria kwa mpwa wake, akaenda uani na ungo wa mchele, akaketi mkekani na wenzake. Bi Msimu akastaajabu. Tunu akafurahi kama aliyetembelewa na wifi.

"Leo umetukumbuka!"

"Nataka kujifunza, shoga. Hebu niambie, maumivu yako mangapi?"

"Maumivu? Bibi wee, utachambua gunia zima sijamaliza." Tunu akavuta kigoda karibu. "Kidonda kibichi ukikitia chumvi?"

"Kinauma."

"Kinachonyota! Sema nawe, kinachonyota."

Kitu kikapita nyuma ya sikio la Mashavu, cha moto na kitamu, kama kahawa ya kwanza baada ya mfungo. "Kinachonyota," akasema, na akaliona neno lote, ncha yake na mkia wake.

"Na koo la mafua?"

"Sijui."

"Linakereketa. Na tumbo la mwanamke siku zake? Linasokota. Na jino bovu, lile linalowaka ndani kwa ndani bila moshi, linafukuta. Na mguu uliokaliwa unakufa ganzi, na ganzi ikiondoka unahisi siafu wanahama."

Likija moja, Mashavu anauliza jingine. Mchele umesahaulika ungoni. Bi Msimu anacheka, mkono wake wa ngozi nyembamba umelala juu ya paja la bintiye, na Mashavu hakukumbuka mkono ule ulilala pale lini mara ya mwisho. Hapo ndipo alipojua hataacha.

"Na kifua, shoga? Marehemu mumeo alikufa kwa kifua, si ndiyo?"

Tunu akashusha sauti. "Hilo sijamwambia mtu. Tulikuwa wawili tu chumbani. Aliniambia, Tunu, hakiumi. Kinalemea. Ni kama nimelaliwa na gunia la katani lililonyeshewa, na kila nikivuta pumzi, linaongezwa maji." Akajifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Nami nikakimbia kwa daktari nikamwambia vilevile, akasema, mama, umeeleza vizuri, ila umechelewa. Toka siku hiyo nikajiapiza..."

Moto na utamu nyuma ya sikio. Mashavu akafumba macho.

"...nikajiapiza mtu asi..., asife kwa..." Tunu akatafuta. "Maana yeye kifua kilikuwa... kilikuwa..."

"Kilikuwaje?" akauliza Bi Msimu.

"Kilimuuma," Tunu akasema. Uso wake ukapauka. "Nilisema nini sasa hivi? Bi Msimu, goti lako lile lina... lina..." Akatazama mikono yake kana kwamba limeangukia humo. "Linauma."

"Umechoka, mwanangu," Bi Msimu akasema. "Kalale."

Tunu akaondoka bila kigoda.

*

Wiki ile nyumba ya Mashavu ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya ngazi za jirani. Walikuja kula, wakabaki kusemewa. Mwanamke mmoja alileta mtoto anayelia tangu juzi. Mashavu akaliangalia sikio la mtoto, akauliza mawili matatu, akasema, "Limetoneka ndani, na linafukuta. Mwambieni Sikio hivyo," na jioni mama mtu akarudi na mkungu wa ndizi. Na Bi Msimu! Bi Msimu alimwita asubuhi kabla ya chai: "Mashavu, njoo nikwambie linavyoniamkia leo." Wakakaa wawili, mama na mwana, wakilisengenya goti kama jirani mbaya.

Furaha tupu, ungedhani. Lakini wivu una tumbo lisilo na chini.

"Yaani Mashavu siku hizi unasema kama Tunu!" wakamwambia kwa kumsifu.

Kama Tunu. Wallahi, maneno yale yalimchonyota, na sasa alikuwa na neno la kujua kwamba ndivyo. Kumbe hata akiwa na mdomo wa mwenzie kinywani, jina lilikuwa la mwenzie. Kila jioni kifungo kilimnong'oneza: *Fungu la pili liko tayari. Mkaribie mtoaji.* Akawa anajiambia, labda nikichukua yote watamsahau. Kisha anaangalia kile kigoda uani, anasema kesho.

Tunu mwenyewe hakuvuka barabara tena. Waliompitia walimkuta kajifungia. "Uzee umeniingia kichwani," alisema kupitia mlangoni. "Nendeni kwa Mashavu. Mashavu anajua." Hakusema kwa uchungu, ndivyo walivyosimulia watu. Alisema kama anayemtaja fundi mzuri. Mashavu alipoletewa habari hiyo alikorofisha chumvi ya sufuria zima.

*

Ijumaa alimpeleka mama yake zahanati kuvuta maji ya goti. Ukumbi ulifurika. Mbele yao, watu watatu tu, alisimama Tunu, kanga imekaa upande, jasho limemlowesha shingo ilhali feni zinakimbia.

Alifika kwenye Sikio, akakipumulia.

*Mapigo, wastani. Damu, wastani. Eleza tatizo.*

"Naumwa," Tunu akasema. Akaweka kiganja kifuani, akakipeleka begani, akakishusha mkono wa kushoto. "Hapa. Na hapa."

*Inauma sana au kidogo?*

"Si kuuma... Ni..." Mdomo wake ulifunguka na kufungika. Mashavu alimwona anachimba, anachimba pale pale ambapo shimo lilikuwa limefukuliwa tayari. "Basi inauma tu."

*Maumivu ya kawaida. Vidonge viwili. Rudi kesho. Anayefuata.*

Tunu akapokea vidonge, akasema asante kwa mashine. Ndivyo alivyo.

Na Mashavu alijua. Hakudhani, alijua, kwa maneno aliyokuwa nayo kichwani, kinachomlemea mwanamke yule kilikuwa nini. Alijua pia jambo la pili, na la pili ndilo lililomfunga miguu. Akikaa kimya, Tunu atakwenda nyumbani akiamini ni uzee, na hakuna atakayejua lolote, leo wala kiama. Akifungua mdomo, itabidi aseme maneno ambayo Tunu hakumwambia mtu mwingine duniani, mbele ya Tunu mwenyewe, mbele ya ukumbi mzima unaokula kwake.

*Mtoaji yuko karibu*, kikanong'ona kifungo. *Fungu la pili. Pokea?*

"Mashavu," mama yake akasema taratibu, bila kumgeukia. "Yule mbona uso umekuwa wa kijivu?"

Tunu alikuwa keshafika mlangoni.

"Tunu!" Sauti ilimtoka Mashavu kubwa kuliko alivyokusudia. Akamwacha mama yake, akasukuma watu, akamshika mkono. Mkono ulikuwa baridi kama samaki. "Shoga, nitazame. Kinakuchoma?"

Tunu akatikisa kichwa.

"Kinakukeketa? Kinapwita, kama koo la chura?"

Kichwa, hapana. Lakini macho ya Tunu yalianza kubadilika. Yalimtazama Mashavu mdomoni, kama mtu anayeona nguo yake iliyopotea imevaliwa sokoni.

Mashavu akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

"Hakiumi," akasema. "Kinalemea. Kama umelaliwa na gunia la katani lililonyeshewa, na kila ukivuta pumzi, linaongezwa maji."

Tunu hakutikisa kichwa. Machozi yalimshuka mara moja, macho yote mawili, na Mashavu hakujua ni ya kifua au ya yale maneno.

"Ndiyo," akanong'ona. "Ndiyo hilo."

Mashavu akamburuta hadi kwenye Sikio, akamsukuma mzee wa watu pembeni, akasema yote kwa mpangilio: uzito kifuani, mvuto begani, ganzi ya mkono inayokuja kwa mawimbi, jasho la baridi, hofu isiyo na sababu. Mlango wa ndani ukafunguka wenyewe, haujawahi kufunguka haraka vile, na manesi wawili wakaja mbio na kitanda.

Nyuma yake mtu akasema, pole pole, kama anayehesabu: "Lakini hayo si maneno ya Tunu?"

Vichwa vikamgeukia Mashavu, kimoja kimoja.

*

Siku ya tatu walimruhusu Mashavu kumwona Tunu. Wodi ya wanawake, saa kumi za alasiri, vitanda kumi na viwili na masikio ishirini na manne. Habari zilikuwa zimemtangulia. Barazani kwake foleni ilikuwa imekatika siku ile ile. Aliyebaki ni fundi viatu, naye alikula amegeukia barabara.

Mashavu alikuwa amekivua kifungo. Nyuma ya sikio palibaki duara jeupe, laini. Akaweka chupa ya uji kwenye meza, akasimama, maana kiti hakukaribishwa.

"Nilikwenda Lisani," akasema. "Hayarudi. Mafungu mengine sita sikuyagusa."

Tunu alikuwa ameegemea mito, mipira ya dawa mkononi. Alikuwa na fungu zima la ugomvi kinywani, halijaguswa, na wanawake wa vitanda vyote walilijua. Waliacha kutafuna. Mashavu naye alilisubiri, alitamani lije. Tusi moja zuri la Tunu, la kusimuliwa miaka, lingekuwa afadhali.

"Mimi nilidhani akili zangu zinakufa," Tunu akasema. "Nilikaa chumbani siku nane najiaga. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniacha."

"Nilikuacha. Nilikuonea wivu, Tunu. Mama yangu alikuwa anakuchekea wewe."

"Ungeniambia. Ningekufundisha bure, neno kwa neno, mpaka ukachoka." Akavuta pumzi, akaiachia kwa uangalifu. "Umeniokoa, nashukuru. Hilo lina nafasi yake. Lakini lile ulilonitenda, Mashavu, liko hapa. Nataka kulisema nashindwa. Nalitafuta usiku na mchana, sina cha kulisemea. Vyote unavyo wewe."

Akasogeza miguu, akaacha nafasi ukingoni mwa kitanda.

"Kaa. Niambie linaniumaje."

Mashavu akakaa. Wodi nzima ikainama.

"Linachonyota," akaanza.

"Hapana."

"Linakeketa."

"Usikimbilie. Nitazame ndiyo useme."

Akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza, katika miaka yote ile ya umeamkaje shoga, kumtazama Tunu bila kupima ana nini na yeye ana nini. Maneno yalikuja moja moja, mazuri yote, na moja moja akaliweka kando kwa kuwa halikumtosha. Uji ukapoa. Nesi akaja kusema muda umekwisha, akaona nyuso, akarudi.

"Linafukuta," Mashavu akasema mwishowe, na sauti ikamkatika katikati. "Kwa nje hakuna moshi. Unacheka na watu, unakunywa dawa. Ndani linawaka, na halitazimika leo, wala kesho, wala nikiomba radhi."

Tunu akafumba macho. Akakaa hivyo, kama mtu aliyetolewa mwiba.

"Ndiyo," akasema. "Hilo hasa."